Mwalimu Pantaleo na Mifupa ya Msibani

Mwalimu Pantaleo Kasanda alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mwembamba, mwenye miwani mizito na kaunda suti moja ya kijivu ambayo tulikuwa tukibishana kama huwa anaivua. Alitufundisha baiolojia katika shule ya kutwa iliyokuwa upande wa Gerezani, jirani na reli, miaka ile ya sabini ambapo kila mtu mzima alikuwa Ndugu na soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado linanukia rangi. Kufundisha alijua, sitamnyima haki yake. Moyo wa binadamu na vyumba vyake alitueleza kwa kuchora ubaoni nyumba ya wapangaji, mpaka leo nikienda kupimwa presha nawaza habari za kodi.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni ugonjwa wa tarehe. Kazi zake zote mwisho ulikuwa Ijumaa, kipindi cha pili, kabla ya kengele. Kengele ikilia anafunga daftari la alama, na asiyeleta kazi anakula sifuri. Homa haikumgusa. Mvua haikumgusa. Siku moja Seifu, mchekeshaji wa darasa, ambaye bibi yake alikuwa ameshafariki mara nne tangu tuingie kidato cha kwanza, alimwuliza, "Je, mwalimu, mtu akifiwa?" Mwalimu Pantaleo alimtazama juu ya miwani akasema msiba haumo kwenye silabasi. Mimi maneno yale yaliniudhi siku ile ile, na nilisema, ingawa nilisema kwa sauti ambayo Waridi peke yake aliisikia.

Waridi ndiye niliyekaa naye dawati moja, na habari hii ni yake pia. Alikuwa mjukuu wa Bi Mboni, Mzaramo mwenye nyumba pale Mtaa wa Narung'ombe, nyumba ya pili kutoka kwetu. Alitaka udaktari, na hakuutaka kwa mdomo kama sisi wengine tulioutaja kwa kuwa jirani yetu alikuwa nesi. Alisoma mpaka karatasi ya kufungia karanga. Lakini alikuwa ameshapata sifuri moja kwa Mwalimu Pantaleo, siku aliyoamka na malaria ya kumtikisa kitanda, na mwalimu alikuwa ametangaza wazi kwamba mwenye sifuri mbili hatampendekeza kidato cha tano mchepuo wa sayansi. Alama za maendeleo zilikuwa zimeanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho, kwa hiyo haikuwa sifuri ya kuchekea. Sifuri ya pili ingemfungia Waridi mlango.

Cha ajabu ni kwamba Mwalimu Pantaleo alikuwa mpangaji wa Bi Mboni. Chumba chake kilikuwa cha mbele, dirisha linatazama barabara, na kila asubuhi alipita uani na ndoo yake akimwamkia bibi yule, "Shikamoo mama mwenye nyumba," naye akimjibu, "Marahaba, mpagazi. Leo mzigo wa nani?" Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kila mtu anajua. Uani alivumilia matusi ambayo darasani yangemfukuzisha mtu shule. Lakini kwa Waridi hakulegeza hata uzi. Nyumbani alimwita mwanangu, shuleni alimwita mwanafunzi, na mpaka kati ya hayo mawili ulikuwa geti la shule.

Basi muhula ule alitupa kazi kubwa kuliko zote: kila mtu alete kiunzi kizima cha mifupa ya kuku, kimesafishwa, kimeungwa kwa waya juu ya ubao, kila mfupa na jina lake. Wiki moja. Mwisho Ijumaa.

Kuku hakuwa kitu cha kuokota, hata miaka ile. Kariakoo nzima wazazi walilalamika kwamba serikali imeanza kusomesha watoto kwa mchuzi. Wengine waliungana watatu kwa kuku mmoja, wakagombania nani achukue kichwa. Waridi alimpata wake kwa sababu bibi yake alimchinja jogoo aliyekuwa akiwika saa za ovyo. Akachemsha mifupa, akaikwangua kwa kisu cha kumenyea muhogo, akaianika juu ya bati la jiko, akaifunika kwa kanga kuukuu kwa ajili ya kunguru. Waya wa shaba alipewa na fundi redio wa mtaani. Nilimwona Jumatano akifunga shingo, mfupa kwa mfupa, ulimi nje, na nilipomsemesha hakunisikia. Kuku yule alisimama juu ya ubao utadhani anataka kukumbuka alikuwa anakwenda wapi. Kilichobaki kilikuwa kubandika majina.

Alhamisi alfajiri akafariki Mzee Mwinyimvua, kaka yake Bi Mboni, aliyekuwa akiishi chumba cha ndani. Mzee wa watu, alikuwa na miaka yake na kikohozi chake, alikwenda bila kumsumbua mtu. Nyumba ikajaa. Majamvi yakatandikwa barabarani, wanawake uani, sufuria zikaja kutoka nyumba zote kumi za balozi. Bi Mboni alikaa pembeni ya mlango wa chumba cha marehemu, hali, hanywi, machozi yanatoka bila sauti. Kila aliyempa pole alimwitikia kwa kichwa tu. Waridi aliniambia anaogopa, hajawahi kumwona bibi yake amenyamaza namna ile.

Ndipo watani walipoingia. Walikuwa Wanyamwezi kama wanane, wengi wao makuli wa relini, na mbele yao, jamani, alikuwa Mwalimu Pantaleo. Miwani ameiacha chumbani. Kaunda suti ameivua, kumbe ilikuwa inavuliwa! Alikuwa amevaa kanzu ya marehemu iliyomfikia magotini, kofia ya marehemu imekaa upande, unga amejipaka uso mzima, na anakohoa. Anakohoa kikohozi kile kile cha Mzee Mwinyimvua, cha vituo vitatu na mluzi mwishoni. Alipita kati ya wanawake akichechemea, akadai chai yake, akauliza nani kalala kitandani mwake. Mimi niliziba mdomo. Mtu huyu wiki iliyopita alinitoa darasani kwa kupiga chafya.

Kazi ya mtani msibani ni kuvuruga, na walivuruga sawasawa. Wakakamata sufuria ya wali, wakasema haitoki mpaka walipwe. Wakamfunga balozi kwa kilemba chake mwenyewe. Kisha Mwalimu Pantaleo akainama chini ya kitanda cha kamba kilichokuwa uani, ambako wanawake walikuwa wamesukuma kila kitu ili kupata nafasi ya kukaa, akavuta ubao uliofunikwa kwa kanga. Bila shaka alidhani ni sinia la chakula limefichwa. Nilimsikia Waridi pembeni yangu akivuta pumzi, na haikutoka.

Akafunua. Akausogeza usoni, maana bila miwani yule bwana hakuwa na tofauti na popo wa mchana. Akaunusa. Halafu akapiga yowe.

"Wazaramo! Watu wa nazi ninyi! Nyama mmekula, mifupa mmetuwekea sisi watani! Na mmeifunga waya, mnaogopa itawatoroka au mnaogopa tutashiba?"

Uani palilipuka. Akalivunja paja, krak, akajifanya analitafuna. Bawa akampa kuli mmoja, bawa la pili mwingine, nao wakatafuna wakilamba vidole. Shingo aliing'ata katikati akaivuta kwa meno mpaka waya ukakatika, kidari akakivaa shingoni kama nishani, kilichobaki akawarushia paka wa Narung'ombe, ambao hawakusubiri kuitwa mara mbili. Nilimtazama Waridi. Alikuwa ameinua mguu mmoja kwenda mbele.

Hapo hapo Bi Mboni akacheka. Kilianza kama kikohozi, kikawa kicheko, akashika mbavu, akamwonyesha Mwalimu Pantaleo kidole akasema, "Mnyamwezi we! Mpagazi we! Hata meno yako yamebeba mzigo!" na huku machozi yanamtoka sasa kwa sauti, analia na kucheka, wanawake wakamkumbatia, mmoja akamletea uji, naye akanywa. Waridi akaurudisha mguu chini. Tulipokuwa tunaosha vyombo nilimwambia twende tukamweleze mwalimu sasa hivi, akaniambia mtani hashitakiwi. Na kweli hashitakiwi. Alichokichukua amechukua, na anayenuna anamwaibisha marehemu. Nilikasirika nikavunja sahani ya watu.

Ijumaa, kipindi cha pili, kuku thelathini na kitu walikuwa wamepangwa kwenye meza ndefu ya maabara. Wa Seifu alikuwa na miguu mitatu, na Seifu alishikilia kwamba ndivyo alivyonunuliwa. Mwalimu Pantaleo aliingia na kaunda suti yake, miwani yake, uso mkavu. Ila sauti ilikuwa imemkauka kwa kelele za jana, na kwenye mdomo wa chini alikuwa na mkwaruzo mwekundu. Nusu ya darasa ilikuwepo msibani. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Akapita mezani akiandika alama. Akafika mwisho.

"Waridi. Kazi yako."

Waridi akasimama. "Sina, mwalimu."

"Jumatano ulikuwa nayo. Nilipita uani nikakuona unafunga."

"Ilikuwepo, mwalimu. Imevunjika."

"Imevunjwa na nani?"

Waridi akatazama sakafu. "Na mtani."

Seifu akaingia chini ya dawati kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Mwalimu Pantaleo alikuwa ameshainua peni nyekundu. "Mtani gani avunje kazi ya baiolojia?" akauliza, kwa ukali, na nadhani alikuwa hajamaliza kuuliza alipoanza kujibiwa na mdomo wake mwenyewe. Mkono uliokuwa hauna peni ukapanda polepole ukagusa ule mkwaruzo.

"Ilikuwa na waya?" akauliza.

"Ya shaba, mwalimu."

Peni ilikuwa bado hewani juu ya jina la Waridi. Nilimwomba Mungu, na wakati huo huo nilikuwa na hasira ya kutosha kumrushia yule kuku wa miguu mitatu. Kengele ikalia. Mwalimu Pantaleo akafunga daftari bila kuandika kitu, akasema, "Kaa chini," akatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kuona nafasi tupu kwenye daftari lake.

Jioni alikwenda kwa Bi Mboni. Mimi nilikuwa uani nasaidia kuchambua mchele wa hitima, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Alivua viatu, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akaanza, "Mama, jana nilifanya kosa kubwa, nimekuja kuomba..."

"Nyamaza!" Bi Mboni akamkata. "Mtani haombi radhi. Ukiniomba radhi leo utakuwa unaniambia kwamba jana ulikuwa unanidharau kweli. Unataka kumfanya kaka yangu alale kaburini na ugomvi?"

"Lakini mtoto, mama. Ile ilikuwa kazi yake."

"Hilo ni lako na yeye. Mimi ninachojua, mmetafuna mifupa yetu bila nyama. Lete nyama."

Jumamosi asubuhi Mwalimu Pantaleo alirudi kutoka sokoni na jogoo kwapani, jogoo anampiga mabawa usoni, Kariakoo nzima inamwuliza kama anamwoa. Akatangaza mbele ya watu wote uani kwamba nyama ni ya wenye nyumba na mifupa ni yake. Ataunga kiunzi kingine kwa mikono yake, Waridi abandike majina, Jumatatu asubuhi kifike shuleni, kwa sababu Jumatatu saa moja na nusu ilikuwa mwisho wake yeye kumkabidhi mkuu wa shule alama zote za muhula. Waridi alitaka kusaidia, akamkataza. Deni lake, alisema, halilipwi na mtu mwingine.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Yule bwana alikuwa akitoa kazi hii kila mwaka na hakuwahi kuifanya hata siku moja! Alidhani unamchemsha kuku kidogo, mifupa inatoka safi yenyewe. Jogoo alikuwa mzee kiasi cha kumaliza gunia la mkaa. Mafuta ya taa ya jiko la pili yakaisha, duka la ushirika limefungwa. Alipoanika mifupa juu ya bati alisahau kuifunika, kunguru akaondoka na mguu mzima, mwalimu akamkimbiza kwa ndala mpaka Msimbazi. Jumapili alikwenda kanisani, aliporudi akakuta watoto wa uani wanachezea kete mifupa ya shingo, na mmoja ameshakula mbili, yaani ameshinda. Akakaa chini na waya. Waya ukamchoma. Akaunga shingo, ikatazama mgongoni.

Waridi alikuwa amekaa karibu naye na majina yake tayari kwenye vipande vya karatasi, anatazama kwa uchungu kama mtu anayetazama kinyozi mlevi. Mwishowe akashindwa.

"Mwalimu, upande ule ndio wa kichwa."

Akageuza. Kisha akasema, bila kumtazama, "Wiki haitoshi, eti?"

"Inatosha, mwalimu," Waridi akasema. "Kama hakuna kitu kingine kinachotokea nyumbani."

Jumatatu nilikuwa na zamu ya kufagia varanda mbele ya ofisi ya mkuu wa shule, Ndugu Sadalla, mtu mnene, mpole, aliyependa kutafuna karafuu. Saa moja na nusu Mwalimu Pantaleo alifika na daftari la alama bila kiunzi, maana kilikuwa kimemshinda, akasimama mlangoni. Alisimama vile vile tulivyokuwa tukisimama sisi kwake, uzito mguu mmoja, mkono unatafuta mahali pa kukaa.

"Ndugu mkuu, alama hazijakamilika," alisema. "Nilikuwa... kulikuwa na msiba nyumbani ninakokaa. Naomba, kama inawezekana, siku mbili."

Nilijua amejiandaa. Nilimjua, alikuwa ameshajitungia maswali yote ambayo yeye angeuliza: msiba wa nani, lini, kwa nini hukufanya mapema. Ndugu Sadalla aliondoa karafuu mdomoni.

"Pole sana, Pantaleo. Siku mbili za nini? Chukua wiki."

Basi. Hakuuliza kitu kingine, akarudi kwenye magazeti yake. Mwalimu Pantaleo akabaki pale mlangoni kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Angefokewa, angejua la kufanya. Nilifagia mahali pamoja mpaka sementi ikang'aa, na alipogeuka aliniona, wala hakunifukuza.

Alipoingia darasani hakuwa na kiunzi wala mtihani wa ghafla. Akafungua daftari mezani.

"Waridi," alisema, "kazi yako utaileta Jumatatu ijayo. Mifupa mingine utapewa na mimi, na safari hii nitakaa mbali nayo. Nimepewa wiki. Nawe una wiki."

Waridi alisema ahsante, akakaa, akafunika uso kwa viganja. Mimi nikamfinya paja kwa furaha mpaka akaguta. Darasa likaanza kupiga makofi, mwalimu akainua mkono.

"Kuna sifuri nyingine humu," alisema, akipiga kidole kwenye daftari. "Niliziandika bila kuuliza. Leo nauliza. Nani alikuwa na sababu?"

Hakuna aliyejitokeza. Nani angemwamini? Kisha Seifu akainua mkono, taratibu, na darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye midomo ikamcheza.

"Bibi tena, Seifu?"

"Safari hii babu, mwalimu."

Tukacheka mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta. Katikati ya kicheko kile mkono mwingine ulikuwa juu, dawati la nyuma, karibu na dirisha. Ulikuwa mkono wa Tarsis, kijana wa Masasi aliyekuwa akikaa kwa baba yake mdogo kule Ilala, mkimya, ambaye kwa mwaka mzima nilikuwa nimemsikia akisema labda "naomba rula." Kicheko kikapungua kidogo kidogo.

"Tarsis," mwalimu alisema, akipekua kurasa. "Wewe huna sifuri. Kazi zote umeleta."

"Ndiyo, mwalimu."

"Sasa sababu ya nini?"

Tarsis akasimama. Alikuwa na tabia ya kushika kola ya shati lake anapozungumza, na aliishika.

"Mwezi wa tatu ilikuja simu ya maandishi kutoka nyumbani, mwalimu. Mama alifariki Jumatano. Basi la kusini lilikuwa linaondoka Alhamisi, na Ijumaa kulikuwa na jaribio." Akaiachia kola. "Nilifanya jaribio. Nilipata themanini na mbili."

Hakusema kwa kulaumu. Angelaumu ingekuwa afadhali. Tulikuwa tumekaa naye chumba kimoja miezi yote ile, watu wa Kariakoo, watu wa kujazana kwenye misiba ya majirani wa majirani, na hakuna hata mmoja wetu aliyempa mkono. Niliona haya nikataka kuingia ndani ya dawati.

Mwalimu Pantaleo akaweka peni chini. Akavua miwani, akashuka kwenye jukwaa, akapita kati ya madawati mpaka kule nyuma, akampa Tarsis mikono yote miwili jinsi anavyopewa mfiwa.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Nimechelewa."